Mtungi Usiolia

"Ukiuvunja mtungi ambao haujaonja moto, umevunja nini?"

Mfinyanzi aliniuliza hivyo mchana mmoja, nimesimama kwenye kibanda chake cha kazi nimepandwa na hasira. Nilikuwa nimekuja likizo kutoka chuo kikuu, ng'ambo ya mto Ruvuma, nimezoea kuuliza swali juu ya swali mpaka mhadhiri atazame saa yake. Lake nililiona ni swali la mtu anayekwepa. Nikamwambia sikuja kutegewa vitendawili. Akatema tumbaku pembeni, akasema, "Haya, kaa na hasira yako. Ikichoka, itandikie mkeka."

Mchana huo nitaurudia. Kwanza inabidi niseme alikuwa mtu gani, na hapo ndipo ninapokwama, maana kila nikisema jambo moja juu yake linakuja la pili kulikanusha.

Alikaa mwisho wa mtaa wetu, Msimbwa, pale njia ya kwendea Mbau inapoacha minazi na kuingia mihogoni. Alikuwa na kibanda cha kulala, kibanda cha kazi, na ua ambao mchanga wake ulikuwa mweusi kwa majivu ya miaka. Asili yake sikuijua. Mnunuzi akiwa Mmwani wa pwani, naye alikuwa Mmwani. Akija Mmakonde kutoka bara, alibadili salamu akawa Mmakonde. Sisi tuliotokea upande wa Mikindani alitudai ujamaa wa babu fulani, ambaye jina lake halikuwa lile lile mara mbili. Alikuwa mfupi, mikono mirefu, jicho la kushoto amelifumba nusu kama anayekwepa moshi, hata siku ambazo moshi haukuwepo. Mtaani aliitwa Mfinyanzi. Mbele yake tulimwita bibi.

Alifinyanga vyungu vya mchuzi, vikaango, na vitezo vya kufukizia udi. Mwenyewe alipikia sufuria ya alumini aliyoinunua duka la Mhindi, na aliisugua kwa mchanga hadi ikawa kama kioo.

"Bi mkubwa," mama yangu alimtania siku moja, "sisi unatuuzia udongo, wewe unakula kwenye bati?"

"Udongo utanila mimi," alisema. "Haraka ya kuanza kulana ya nini?"

Lakini vyungu vya jikoni vilikuwa vya kumpatia chumvi na tumbaku. Kazi yake hasa ilikuwa mitungi ya josho. Mtaani kwetu maiti hakuoshwa kwa ndoo wala kwa birika la nyumbani. Alioshwa kwa maji ya mtungi wake mwenyewe, ambao haujawahi kutiwa maji mengine, na baada ya mazishi mtungi huo ulitobolewa kitako ukafunikwa juu ya kaburi, upande wa kichwa. Sasa fikirini shida yake. Mtu akifa asubuhi anazikwa alasiri, na mtungi hauna budi kukaa kivulini majuma kadhaa kabla ya kuchomwa. Maiti hasubiri udongo ukauke. Kwa hiyo mitungi ilipaswa kuwepo kabla ya vifo. Ndani ya kibanda cha kazi, juu ya kichanja cha miti, ilipangwa mitungi ya watu wazima wote wa mtaa, watu wenye afya zao, wanaokula, wanaogombana, wanaooana.

Nilikuwa mtoto nilipoingia humo mara ya kwanza. Nikanyoosha kidole.

"Bibi, huu wa nani?"

"Wa mwalimu wa madrasa."

"Lakini mwalimu hajafa."

"Ndiyo maana upo hapa."

Hakupima watu kwa kamba. Aliwatazama tu, na kwa sababu hiyo watu wazima hawakupenda kutazamwa naye. Wengine walivuka njia wakimwona anapanda kutoka bondeni na kapu la udongo kichwani. Mchuuzi mmoja wa tambuu, aliyejiona hodari, alikuwa na mazoea ya kumuuliza, "Bibi, leo udongo wa nani huo?"

"Wako, usiponipisha."

Akampisha, akicheka, lakini alimpisha.

Udongo wa bondeni peke yake haushiki. Ukiuchoma ulivyo, unapasuka. Mfinyanzi aliuchanganya na vigae vya vyungu vilivyovunjika, amevitwanga kinuni hadi vikawa unga. Kila chungu kipya kilikuwa na unga wa chungu kilichokufa ndani yake, na yeye alikitaja kifo hicho kama mpishi anavyotaja chumvi. Mwalimu wa madrasa, ambaye hakuupenda kabisa mwendo huu wa mitungi na aliuita uzushi, alimshtaki mbele ya watu kwamba vigae vingine anaviokota makaburini.

"Na wewe kisomo chako umekiokota wapi, mwalimu?" alimjibu. "Si kwa waliokufa?"

Hakukana, angalieni. Nami niliangalia, hata siku ile. Alikuwa na ufundi wa kujibu kitu kingine kizuri kuliko kile alichoulizwa. Watu wakicheka, swali linapita kama mgeni asiyekaribishwa. Mwalimu naye aliuita uzushi, lakini mtungi wake hakwenda kuudai wala kuuvunja.

Nilipovunja ungo alitaka kunifinyangia wangu. Nilikataa. Nikamwuliza, "Bibi, maiti anajua ameoshwa kwa mtungi gani?"

"Hajui."

"Basi wa nini?"

"Wewe ulipozaliwa ulijua umefungwa kwa kanga gani? Mbona hukuachwa uchi?"

Mpaka leo nasema hilo si jibu. Mtoto mchanga anasikia baridi, maiti hasikii. Nilimwambia hivyo hivyo. Akanitazama kwa lile jicho zima, muda mrefu kuliko nilivyopenda, akaendelea kupiga pasi ukuta wa chungu kwa kombe la chaza.

Ungedhani mtu anayelala hatua chache kutoka kwenye mitungi ya watu wote ameshazoeana na kifo. Hapana. Alikuwa mwoga wa maiti kuliko watoto. Hakwenda matangani. Dada yake alipofariki, alipeleka mtungi hadi mlangoni, akauweka chini, akakimbilia kisimani akakaa huko mpaka jioni. "Wangu mimi ni mtungi," alisema. "Huyo mwingine ana wenyewe."

Jambo moja tu hakulikosa. Wanawake kwetu hawaingii makaburini siku ya kuzika, na yeye hakuingia. Alisimama nje, nyuma ya ua wa minyaa, haoni chochote, anasikiliza. Mtungi uliochomwa vizuri ukiugonga kwa ukucha hulia, ngee, kama kengele ya baiskeli iliyo mbali, na sauti yake inasema ulipogongwa. Mwanamume akianza kuutoboa upandeupande, ilisikika kelele kutoka minyaani:

"Si hapo! Katikati! Mtaupasua, wazembe nyie! Kwa msumari, si kwa jembe!"

Mwalimu alikatisha dua. Wanaume waliinamisha nyuso kana kwamba wanalia, mabega yakiwatikisika. Msumari ukasogezwa katikati, mtungi ukalia mara moja, ukanyamaza. Hapo ndipo alipoondoka kwenda zake. Mtungi mbichi, uliokauka tu bila kuchomwa, hausemi kitu. Ukiugonga unasikia tap, kama umegonga mkate.

Alikuwa na sheria zake, na moja nililazimika baadaye kuifikiria kuliko nilivyotaka. Alisema mtu hachomewi mitungi miwili. Fundi cherehani mmoja aliingia kibandani amelewa tembo la mnazi, akataka kuuonyesha wake kwa rafiki, ukamponyoka. Mtaa mzima ulisikia matusi siku ile. Kesho yake fundi alikuja na kuku, akaomba afinyangiwe mwingine. Mfinyanzi alichukua kuku. Alimfinyangia mtungi, akauweka mahali pa ule wa kwanza, kwa sababu alisema pengo kwenye kichanja huita mtu. Kuuchoma akakataa.

"Huo ni wa kushika nafasi tu. Moto wako umeshautumia. Ukifa, watakuosha kwa ndoo."

Fundi akaacha tembo. Sijui kama ni kwa hofu ya ndoo.

Na bado sheria hiyo ilikuwa na mlango wa nyuma kila mwenyewe alipotaka kupita. Vita vya kumng'oa Mreno vilipoteremka kutoka uwanda wa juu hadi kwetu, askari wa Kireno walipiga marufuku moto nje ya nyumba, kwa sababu moshi wowote porini waliuona ni wa wapiganaji. Mfinyanzi alichoma vyungu vyake uani, kwa makumbi na makuti makavu, moshi wake ulionekana kutoka bandarini. Alikwenda kwenye kambi kuomba ruhusa. Walimfukuza. Akarudi, akachoma.

Sasa, chungu kilichobaki na unyevu ndani ya ukuta wake hupasuka motoni kwa mlio wa bunduki. Siku hiyo ulipasuka mtungi mmoja, mkubwa. Doria iliyokuwa ikipita njia ya Mbau ikajitupa mtaroni na kuimiminia risasi minazi ya watu. Walipoona minazi haijibu, ofisa wao kijana aliingia uani na sipai mmoja, askari mweusi wa serikali, wa kumtafsiria. Walimkuta bibi kizee anachokonoa majivu kwa fimbo.

"Anauliza nani amepiga risasi," sipai alisema.

"Mwambie ni mke wa mwalimu."

Sipai alijua maana yake, kuwa uliopasuka ni mtungi wa mke wa mwalimu. Alijaribu kuitafsiri, akashindwa, akacheka mbele ya ofisa wake mpaka machozi. Ofisa hakucheka. Baada ya muda tukasikia sipai yule amehamishwa, amepelekwa kulinda gereza la kisiwani.

Mke wa mwalimu alichomewa mtungi mwingine. Nikamkumbusha Mfinyanzi sheria yake. "Uliopasuka motoni haukuwa umechomwa," alisema. "Ulikuwa unachomwa." Niambieni, mtu wa namna hiyo unabishana naye vipi?

Watu walidhani vita vitamtajirisha. Alikasirika alipoambiwa hivyo. "Vita havinipi kazi, vinaninyang'anya," alisema. Ilikuwa kweli, na ilinichukua muda kuielewa. Vijana waliingia msituni, wengine walikimbilia ng'ambo, wengine walichukuliwa na polisi wa siri. Waliokufa walifia mbali, bila mwili kurudi, bila kuoshwa, na mitungi yao ilibaki kichanjani. Mfinyanzi aliipangusa vumbi kwa upindo wa kanga kama mtu anayepangusa nyuso za watoto walioshinda na njaa. Hakuwa mtu wa huruma nyingi, lakini hilo alilifanya.

Kisha wakamchukua baba yangu.

Baba alikuwa muuza vitambaa. Mzigo wake ulitoka Mtwara na Lindi, na mtu anayevuka mto mara kwa mara wakati wa vita hakosi kushukiwa kubeba zaidi ya kitambaa. Walimjia asubuhi, yuko dukani anamkatia mteja marikani. Mkasi aliuacha katikati ya mkato. Tulisikia kwanza yuko kambini, kisha kwamba amepelekwa kisiwani, kisha hatukusikia tena.

Mama hakujua yeye ni nani. Alikuwa na mume au alikuwa mjane? Mwalimu alimwambia eda haikaliwi kwa wasiwasi, asubiri habari ya hakika. Ndugu zake wa Mikindani walituma watu wa kutuvusha, mimi na yeye, kabla hatujahamishiwa kwenye vijiji vya seng'enge vya Wareno. Mama akasema haondoki. "Akirudi akute mlango umefungwa?" Mkasi wa baba aliutia mafuta ya nazi kila Ijumaa usipate kutu.

Alichokuwa nacho badala ya habari ni kichanja cha Mfinyanzi. Aliona, kwa mantiki yake ambayo sikuikubali hata siku moja, kwamba maadamu mtungi wa baba upo mahali pake, baba hajauhitaji. Kila baada ya siku kadhaa alikwenda hadi mlangoni. Ndani hakuingia, kwani mke hagusi mtungi wa mumewe angali hai.

"Bi mkubwa, mtungi wa mume wangu?"

"Kichanja changu hakina pengo, mwanangu."

Mama akarudi nyumbani uso umekunjuka. Nami nilimfuata nyuma nikisaga meno. Nilimwambia, "Mama, ni udongo. Haujui kitu. Au umeolewa nao?" Alinizaba kofi. Nililistahili labda, lakini hoja yangu haikujibiwa.

Mwaka ule, mvua zilipokatika, Mfinyanzi alifunga safari kwenda Mucojo, kusini, pwani ya kuelekea visiwani, kuuza vyungu. Watu walimshangaa, kwa njia zilivyokuwa na askari na mabomu ya ardhini. Aliondoka juu ya lori la mfanyabiashara wa nazi kavu, ametia vyombo vyake kwenye tenga na kuvifunga kwa makuti. Alikawia. Tulishaanza kusema amekufa, na mchuuzi wa tambuu akauliza ni nani atakayemfinyangia. Siku moja akatokea kwa miguu, nyayo zimevimba, tenga tupu.

"Wamenunua, bibi?"

"Mucojo wananunua bati tu. Watu gani wale."

Alilala, akaamka, akaanza kufinyanga hata kabla ya uvimbe kushuka. Mama alimpelekea uji. Nilikwenda naye, na niliona Mfinyanzi anapokea bakuli bila kumtazama mama usoni. Nikadhani ni kiburi. Mama akauliza lile lile lake, naye akajibu lile lile, kichanja changu hakina pengo.

Baadaye nilivuka mto peke yangu. Mama alinisindikiza hadi mwisho wa mtaa, akarudi kwenye mkasi wake. Huko ng'ambo nilimaliza sekondari, nikaingia chuo kikuu, nikasoma kila kilichoandikwa juu ya namna watu wanavyojidanganya. Kila nilipofungua kitabu cha namna hiyo nilimwona bibi mmoja mwenye jicho nusu.

Vita vikaisha. Bendera ikabadilika, magereza yakafunguliwa, watu wakaanza kurudi mmoja mmoja, wembamba, wanacheka kwa woga. Baba hakuwemo. Mmoja alisema alihamishiwa kusini. Mwingine alisema hakuwahi kumwona. Niliporudi likizo nilimkuta mama amezeeka, mkasi unang'aa, na Ijumaa hiyo hiyo aliniambia anakwenda kuulizia mtungi. Nikamwambia akae. Nitakwenda mimi.

Mfinyanzi alikuwa amekunjika vidole, hawezi tena kushuka bondeni. Alikaa kwenye mkeka kibandani, kati ya mitungi, kama karani wa ofisi iliyofungwa.

"Mtoto wa shikola," alisema, ndivyo alivyoita shule. "Wako upo."

"Sikuagiza."

"Nimeufinyanga mrefu. Wewe hata ukiwa maiti utabisha."

Kwa bahati mbaya nilicheka. Kisha nikamwambia nimekuja kwa mtungi wa baba. Nikaujua kwa mistari yake shingoni, mistari ya kikoi, aliyomchorea kwa sababu ya biashara yake. Nilikwenda moja kwa moja kichanjani, jambo ambalo halikufanywa na mtu, nikaugonga kwa ukucha.

Tap.

Nikagonga wa jirani yake, ukalia. Nikarudi kwenye wa baba. Tap.

"Huu ni mbichi."

Akavuta tumbaku yake karibu.

"Miaka yote hii mama anakuja hapa kuabudu tope? Hukuuchoma hata kuuchoma?"

"Shusha sauti."

"Sishushi! Ungemwambia! Angeondoka, angekuja kwetu Mikindani, angeishi!" Niliunyanyua mtungi juu ya kichwa. Ulikuwa mwepesi kuliko nilivyotarajia. Na hapo ndipo aliponiuliza, bila kuinuka, ukiuvunja mtungi ambao haujaonja moto, umevunja nini?

Baada ya lile neno lake la mkeka na hasira, alijifuta mdomo kwa upindo wa kanga. Kisha akasema kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, sauti ya kawaida tu ya mtu aliyechoka, "Mpelekee mama yako. Usiuvunje. Mwambie autie maji."

"Mwambie mwenyewe, lolote lile."

"Mimi kusema na watu sijui."

Nilitoka nao. Njia nzima nilifurahi kwa ubaya. Nilikuwa na ushahidi mkononi. Mama ataona kwa macho yake kwamba hakukuwa na mtungi wowote, kwamba alichokingojea ni udongo mkavu, na siku hiyo hiyo tutafunga mizigo. Niliuweka mbele yake uani.

"Sikiliza," nikasema. Nikagonga. "Haujachomwa. Amekucheza shere."

Mama akagonga mwenyewe. Akagonga tena, sehemu nyingine. Akaleta kata ya maji, akaumiminia. Kwa muda mfupi mtungi ulisimama, ukawa mweusi. Kisha shingo ikainama, mistari ya kikoi ikaungana, tumbo likakaa chini polepole kama mtu anayepiga magoti. Mama aliuzamishia mikono yote miwili.

"Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun," akasema.

Sikuelewa. Nilikuwa nimekuja kumwondolea imani, nayo imani ile ile ikamfikisha huku. "Mama, hii haithibitishi kitu."

"Wa baba yako ulichomwa, niliuona ukitoka motoni. Mtu hachomewi miwili."

"Basi labda wa kwanza ulivunjika, akafinyanga huu wa kushika nafasi, kama ule wa fundi cherehani."

"Ungevunjika," mama alisema, "mtaa mzima ungesikia matusi."

Nikamwambia hakuna hakimu duniani anayeweza kukubali ushahidi huo. Mama alinawa mikono, akavua bangili, akaniomba niuweke mkasi sandukuni. Akaingia ndani kukalia eda. Mwalimu alikuja kumwambia kwamba bila mashahidi hakuna eda. Mama alimsikiliza kutoka nyuma ya pazia hadi mwisho, akamshukuru, akaendelea.

Nilirudi mbio kwa Mfinyanzi.

"Uliochomwa uko wapi?"

"Umekwenda kazini."

"Kazi gani? Wapi? Nani alikuambia? Tangu lini?"

"Mtungi una kazi moja," alisema, akaugeukia ukuta.

Hilo ndilo neno la mwisho alilonipa. Alifariki masika yaliyofuata, mimi nikiwa chuoni. Waliniandikia kwamba walipoutafuta mtungi wake kichanjani hawakuuona. Alikuwa amewafinyangia watu wote na kujisahau, au hakujisahau, sijui. Walimwosha kwa maji ya sufuria yake.

Mama alimaliza eda, akavuka mto pamoja nami, na Mikindani alianza kucheka tena, polepole. Anamtaja Mfinyanzi kwa dua. Mimi siwezi. Tumeshagombana juu ya hili mara nyingi. Yule bibi alimwacha mwanamke kijana akazeeka akipaka mkasi mafuta. Hata kama alikuwa anamlinda mtu, hata kama neno moja lingemtia mtu kitanzi, mama alikuwa na haki ya neno hilo, na vita vilipokwisha hakukuwa tena na kitanzi. Bado alingoja nije mimi kupiga kelele. Nimejaribu kumtetea moyoni kwa kila njia. Kila utetezi unaishia mlangoni pale, mama amesimama, na lile jibu la kweli ambalo lilikuwa uongo: kichanja changu hakina pengo.

Mwaka jana mzee mmoja alikuja kwetu Mikindani, amemtafuta mama kwa muda mrefu. Alifungwa kisiwani pamoja na baba. Alisema baba aliugua mapema, mwaka ule ule waliomchukua, na kwamba sipai mmoja aliyewahi kukaa Msimbwa, mtu wa kucheka ovyo, alipeleka habari za ugonjwa huo Msimbwa kwa siri, kwa mtu ambaye hakumtaja. Mvua zilipokatika baba akafa. Sipai akaingiza mtungi wenye mistari shingoni, akasema umeletwa na shangazi wa marehemu, yuko nje. Shangazi hatuna. Wakamwosha kwa mtungi huo, wakamzika nyuma ya gereza, chini ya ukuta. Sipai akawapa msumari, akawaambia wautoboe kitako na kuufunika kichwani pake, ndiyo desturi ya kwao. Mzee ndiye aliyeshika jiwe. Hakuwahi kufanya kazi hiyo, akaanza kugonga pembeni, na ng'ambo ya ukuta sauti ya mwanamke ikapaa: "Si hapo! Katikati!"

Alisema waliangaliana, hakuna aliyethubutu kucheka wala kulia. Wakausogeza msumari, na mtungi ukalia.